Japani Sabini na Sita kwa Mia

Chelel, ng'ombe wa Elmina Chepngeno, aliijua besiboli kuliko mtu yeyote wa Kapchelal, ukimwondoa Elmina mwenyewe. Kila alfajiri saa kumi na moja, ndoo ikiwa katikati ya magoti na redio ikining'inia kwenye msumari wa zizi, Elmina alikamua huku akisikiliza mechi za Amerika, ambako ilikuwa bado jioni ya jana. Mtangazaji mwenye Kiingereza cha puani alipopandisha sauti, Chelel aliachilia maziwa. Mechi ikipoa, maziwa nayo yalipoa. Mwaka 1994, wachezaji wa Amerika walipogoma mwezi wa nane na mechi zote zilizobaki zikafutwa, Chelel alipunguza lita mbili kwa siku, na mama yake Elmina akahangaika kumtafuta daktari wa mifugo hadi alipoambiwa chanzo.

"Wanalipwa mamilioni na wamegoma?"

"Wamegoma, mama."

"Basi sisi watu wa chai tumelala sana."

Mgomo huo ndio uliomfungua Elmina macho. Kwa kukosa mechi, alianza kuzungusha kifundo cha redio huku na huku kila alipopata nafasi, akakuta dunia imejaa watu wanaopiga mpira kwa rungu: Wajapani, Wacuba, Wamexico, Wakorea, Wataiwani, na watu wa visiwa ambavyo hakuvisikia hata siku moja katika somo la jiografia. Aliziandikia stesheni zao barua, nazo zikamjibu kwa vibandiko, ratiba na kalenda. Matokeo mengine aliyaokota kwa Mureithi, mwenye hoteli iliyotazamana na kituo cha chai, ambaye alifungia mandazi magazeti ya kigeni yaliyotupwa na mabwana wa mashamba makubwa. Hoteli yenyewe iliitwa Mount Kenya View. Mlima Kenya uko mbali kabisa na huko, lakini Mureithi alizaliwa Nyeri na aliapa kwamba siku isiyo na mawingu yeye anauona.

Sasa, kila nchi kati ya hizo ilidai ligi yake ni kali, na madai ya namna hiyo Elmina hakuweza kuyapita hivi hivi. Kazi yake ilikuwa kuyapekua. Alikuwa karani wa majani katika kituo cha Kapchelal, mahali ambapo wakulima wadogo huleta chai waliyochuma, karani akaikagua na kuipima, kisha lori la kiwanda likaibeba. Kanuni ya chai anaijua hata mtoto wa chekechea: majani mawili na chipukizi. Jani gumu, jani lililodumaa, kijiti, vyote havitakiwi. Lakini kila mkulima anajua pia namna ya kupanga kikapu, yaliyo laini juu yakitabasamu, yaliyozeeka chini yakinyamaza. Kwa hiyo Elmina hakujishughulisha na ya juu. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi ya chini kabisa, akaimwaga mezani na kuhesabu. Mazuri yakifika sabini kwa mia, unapita. Yasipofika, unavuta kikapu chako kando na kuchagua upya, na takataka zako zinatupwa chini ya meza watu wakiziona.

Aliamua kuzikagua ligi za dunia vivyo hivyo. Usimwangalie bingwa, alijiambia. Bingwa ni jani la juu ya kikapu, na hata ligi mbovu haikosi mmoja. Zamisha mkono. Toa timu inayoburura mkia, katika timu hiyo mtoe mpigaji wa mwisho, uone anaweza nini. Halafu kulikuwa na njia ya pili, ambayo makarani wote wanaijua na hawaisemi mbele ya wakulima: lifuate jani lililokataliwa. Likikataliwa hapa na kupokelewa kituo cha jirani, umeshajua kituo kipi ni kikali. Elmina aliwafuata Waamerika walioshindwa kwao wakahamia Japani, akawasikia wakivuma huko. Alimfuata mrushaji mmoja wa Kijapani aliyevuka kwenda Amerika mwaka 1995, akasikia wapigaji wakubwa wakikata hewa mbele yake. Kwa hiyo Japani haikuwa ya kudharauliwa. Yote hayo aliyaandika katika daftari la kurasa tisini na sita, akiyafuta na kuyaandika tena.

Kufikia Juni 1996, Amerika ilikuwa na themanini na tatu kwa mia, Japani sabini na sita, Korea sitini na moja. Cuba aliiandikia sabini na tano, kwa penseli. Cuba ilimnyima usingizi. Wachezaji wake walikuwa moto, lakini kule hawakuitwa wachezaji wa kulipwa, na Elmina hakujua ampe alama gani mkulima hodari asiye na namba ya kulipiwa kiwandani.

Watu wa Kapchelal walikwisha kumzoea. Wakisubiri lori, walimwuliza, "Karani, Japani imeamkaje?" naye aliwaambia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mchezo wenyewe. Elmina naye hakuwahi. Picha pekee aliyokutana nayo, kwenye karatasi ya mandazi iliyolowa mafuta, ilikuwa ya mtu mwenye kofia anatema mate.

Mambo yaliharibika Jumanne moja kwa sababu ya kikapu cha Mzee Weldon. Weldon alikuwa mzee wa kanisa mwenye ekari nyingi za chai na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Si mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea kuitikiwa. Mwezi huo Elmina alikuwa amekwisha kumrudisha mara mbili, na Jumanne hiyo alitoa konzi ya chini, akahesabu, akasema, "Hamsini na nne, mzee." Weldon hakuchagua upya. Alikibeba kikapu chake hadi kituo cha ng'ambo ya vilima viwili, ambako karani alikuwa na usingizi, na majani yale yale yakapokelewa bila kuguswa. Akarudi, akaingia kwa Mureithi, akaagiza chai na kuketi katikati.

"Mnajua hii alama ya Chepngeno hutoka wapi?" aliuliza hoteli nzima. "Inatoka mahali moja na hiyo mchezo yake. Kwa kichwa! Nani hapa ameona huo mpira? Mureithi, wewe umeona?"

"Mimi sijaona, mzee."

"Hakuna mtu ameona. Anaamka asubuhi, anapea Japani sabini na sita. Anakuja kwa kituo, anapea Weldon hamsini na nne. Sasa niambieni, ni macho gani hiyo inaona Japani ikiwa ndani ya zizi?"

Watu walicheka, na ubaya ni kwamba mzaha ulikuwa mtamu. Mzaha mtamu unapanda vilima vya huko haraka kuliko lori. Jumatano ulikuwa umefika Kabianga na kurudi. Alhamisi hata wale waliopita kila siku walianza kuutazama mkono wa Elmina ukiingia kikapuni kana kwamba hawajauona maishani. Karani hana kitu kingine. Ana konzi moja, macho mawili na neno lake, na mkulima akiacha kuamini hilo neno, konzi ni majani tu. Sahihi kumi na moja zikapelekwa kwa Nyamwange, afisa wa kiwanda aliyesimamia vituo vya upande ule, naye akaitisha mkutano Ijumaa. Wakulima wengi wakisema hawamwamini karani wao, atahamishiwa Ndanai, mbali na nyumbani.

Ndanai kuna watu wazuri na soko zuri. Lakini mama yake Elmina alikuwa na magoti yaliyokataa kukunjika, na hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyeweza kuchutama chini ya Chelel, wala wa kumpashia mama maji ya kuoga asubuhi ya baridi. Elmina alikuwa mtoto pekee aliyebaki. Aliogopa, na hakumwambia mama.

Mureithi ndiye aliyekuja na wazo. Alimpenda Elmina kwa sababu alikuwa mteja pekee aliyesoma karatasi kabla ya kula andazi. "Si kuna yule mwalimu Mjapani wa pale sekondari," alisema, "yule wa pikipiki? Aitwe kwa mkutano. Kama mchezo iko, atasema. Kama haiko, pia atasema."

Weldon alikubali. Elmina alikubali haraka zaidi. Jioni ya Alhamisi alifurahi hadi akaimba akichochea ugali, kwa kuwa hatimaye angekutana na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Aliishusha ukutani kalenda iliyotoka stesheni ya Japani, yenye picha ya mlima uliofunikwa theluji, akaigeuza, na upande mweupe akachora uwanja wa besiboli ili wakulima wasipotee njia. Aliuchora kama alivyouona kichwani kila alfajiri kwa miaka minane. Ulikuwa mrefu na mwembamba kama mstari wa michai. Mpigaji alisimama upande wa barabarani. Besi ya kwanza, ya pili na ya tatu, vile vituo anavyopitia mkimbiaji, zilipanda mlima kwa kufuatana, na mkimbiaji alipanda upande mmoja wa mstari na kushuka kwa upande mwingine hadi nyumbani, pale alipopigia mpira, kama mchuma chai anavyomaliza mstari wake. Akaupaka rangi ya kijani.

Ijumaa mvua ya saa tisa ilinyesha kama ilivyopangiwa. Wakulima wakajibana ndani ya kituo, wengine wakakaa juu ya meza ya kukagulia. Mwalimu Tanabe aliingia akiwa na helmeti kichwani na tope hadi magotini, akavua helmeti, akainama.

"Hamjambo, wazee wangu na mama zangu? Naomba radhi kwa kuchelewa. Barabara imeharibika mno."

Watu walitazamana. Kiswahili cha namna hiyo walikuwa wamekisikia kwenye taarifa ya habari tu. Bibi Rodah, mkulima mzee kuliko wote, alimnong'oneza Mureithi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Huyu mzungu ni wa Mombasa?"

"Ni Mjapani, kogo," Mureithi akajibu, akimwita bibi kwa lugha ya huko.

"Ahaa. Karibu kiti, baba."

Nyamwange alisema lililowaleta, kwa ufupi, kwa kuwa hakupenda mikutano. Kisha akampa Weldon nafasi, naye Weldon akasimama na kukaza koti.

"Mwalimu, mimi niko na swali moja tu. Hii mchezo iko ama haiko?"

"Upo, mzee. Mimi mwenyewe niliucheza tangu nikiwa na miaka saba."

Weldon alijikuna sikio. Mureithi, nyuma, alipiga kofi moja akaacha, maana hakuna aliyemfuata. Elmina akampa Tanabe daftari.

Mjapani alilisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza, mvua ikigonga mabati. Alisoma kwa muda mrefu hata Bibi Rodah akaanza kusinzia. Alipoinua uso, alikuwa na sura ya mtu aliyekutana na ndugu yake kituo cha basi.

"Japani sabini na sita," alisema.

"Sabini na sita," Elmina akajibu.

"Kwa nini si themanini?"

"Kwa sababu ya timu zenu za mwisho, mwalimu. Mko na timu kumi na mbili tu. Amerika wako na ishirini na nane. Kikapu kidogo inafaa ikuwe safi mpaka chini, na yenu si safi. Kuna moja huko chini inashindwa kila mwaka."

Tanabe aliweka mkono kifuani. "Hiyo ndiyo timu ya baba yangu. Kila mwaka inashindwa, na kila mwaka baba anasema, mwakani."

"Hata sisi hapa tunaambiwa mwakani," mtu alisema kutoka pembeni, na kituo kikacheka. Kuanzia hapo wote walikuwa upande wa Japani. Mpeni sabini na nane, alisema mmoja. Mgeni hanyimwi, alisema mwingine. Elmina hakuongeza hata moja. Tanabe akauliza kuhusu Cuba, Elmina akakiri penseli, wakabishana kuhusu mtu asiyelipwa kama anaweza kuhesabiwa kwenye ligi za kulipwa. Nyamwange mwenyewe aliuliza Korea iko wapi hasa. Ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote katika maisha ya Elmina, na kwa dakika kumi alisahau kabisa kwamba anahukumiwa.

"Na hizi alama ulizipataje?" Tanabe akauliza.

"Nafuata jani iliyokataliwa. Mwamerika akikataliwa kwao, anapokelewa kwenu na anakuwa bingwa. Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli," Tanabe alisema, kwa sauti ya chini.

"Basi jani ikikataliwa kituo moja, halafu ipokelewe kituo ya pili, makosa si ya karani wa kwanza."

Kituo kikalipuka kwa kicheko. Vichwa vyote vikamgeukia Weldon. Elmina hakuwa amekusudia kumchoma mzee. Au tuseme ukweli, alikusudia kidogo.

Weldon aliinuka na uso umemvimba. Alitupa macho huku na huku akitafuta kitu cha kushika, akakishika kilichokuwa karibu, ile kalenda yenye uwanja wa kijani. Akaiinua juu kwa mikono miwili.

"Na hii? Chepngeno amechora hii, ati ndiyo shamba ya huo mpira. Mwalimu, wewe umecheza. Iko hivi?"

Tanabe alitazama. Akatikisa kichwa upande mmoja kidogo, akavuta pumzi kati ya meno, na macho yake yakaenda kwa Elmina, kisha kwa Weldon, kisha kwa watu wote waliokuwa wakimsubiri.

"Viwanja ni vya namna nyingi," alisema hatimaye. "Mahali penye milima, kama hapa, nafasi ikiwa finyu... ndiyo. Yawezekana kabisa ukawa hivi."

Kituo kilipiga makofi. Mureithi alipiga meza kwa sufuria aliyokuwa ameileta ya chai. Weldon alishusha kalenda taratibu na kuketi, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. Nyamwange alifunua kalamu yake ahesabu mikono. Mambo yalikuwa yamekwisha. Chelel hatakosa wa kumkamua, wala mama wa kumpashia maji.

Lakini Elmina alikuwa amekiona kile kimya cha Tanabe. Alikijua kimya hicho kama anavyojua mkono wake. Ni kimya cha mkulima aliyeulizwa kama majani haya ni ya leo, kabla hajasema, "Ya leo kabisa, karani." Miaka kumi na miwili alikuwa amesimama upande huu wa meza akikisikia, na kila mara mkono wake ulijua la kufanya. Sasa kikapu kilikuwa chake. Akatamani, kwa moyo wake wote, kuangalia ya juu tu. Yalikuwa mazuri, ya juu. Yalikuwa yanatabasamu.

"Mwalimu," alisema. "Kongoi, asante kwa kunisaidia. Lakini chukua hii kalamu. Chora ile uwanja wa baba yako."

"Si lazima, dada yangu."

"Chora."

Makofi yalikufa. Tanabe aliigeuza kalenda akauchora chini ya mlima wenye theluji, palipo na siku za mwezi wa Desemba. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mraba, umesimama juu ya kona yake moja. Nyumbani pale chini. Besi ya kwanza kulia, ya pili juu, ya tatu kushoto, halafu nyumbani tena. Mrushaji katikati. Na kutoka nyumbani uwanja ukafunguka huku na huku, mpana, mpana kupita mstari wowote wa michai.

Elmina alisimama na kuutazama. Kwanza aliona aibu, aibu ya moto iliyomshika masikio. Halafu, akiwa bado ndani ya aibu hiyo, mechi zote za miaka minane zikaanza kuhama kichwani mwake na kukaa mahali pake. Kwa hiyo ndiyo maana mpigaji wa mkono wa kushoto huwahi besi ya kwanza! Ndiyo maana mpira ukipigwa kulia, mkimbiaji aliye besi ya kwanza hufika hadi ya tatu! Alikuwa ameshangaa jambo hilo mwaka mzima wa 1991. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na machozi ndiyo yaliyotangulia.

"Ni mviringo," alisema. "Wanazunguka."

"Wanazunguka," Tanabe alikiri.

Elmina alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akawageukia wakulima.

"Mmesikia mwalimu akisema yawezekana. Alikuwa ananifunika kwa sababu ana adabu. Haiwezekani. Hii uwanja nilichora ni uongo, na nimeiamini miaka minane. Hizo alama za ligi nilihesabu mimi mwenyewe, na nitasimama nazo hata mbele ya Wacuba. Lakini hii hapana." Akaichana nusu ya juu ya kalenda, ile yenye uwanja wa kijani upande wake wa nyuma, na kuitupa chini ya meza, mahali pa majani yaliyokataliwa. "Imekataliwa. Sasa pigeni kura."

Mvua ilikuwa imepungua bila mtu kutambua. Bibi Rodah ndiye aliyeinua mkono kwanza, kabla hata Nyamwange hajauliza ni kura ya nini, na alipoambiwa asubiri alisema yeye ameshainua na haushushi, bega linamuuma. Halafu ikawa mikono mingi. Nyamwange alihesabu mara moja, akafunga daftari lake na kusema karani atabaki Kapchelal. Weldon hakuinua mkono, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Alichukua kofia yake na kuondoka akiwa ameinama, akiruka madimbwi.

Tanabe alikunywa vikombe vitatu kwa Mureithi, na Wanjuhi, mke wa Mureithi, akakataa kulipwa hata kimoja. Kabla ya kuwasha pikipiki aliinama mbele ya Elmina kwa muda mrefu kidogo.

"Samahani," alisema. "Nilidhani nakusaidia."

"Najua. Ungekuwa mkulima ningekurudisha kando."

Jumatatu alfajiri Elmina alichutama chini ya Chelel na kufungua redio. Ilikuwa mechi ya kawaida, timu mbili ambazo hakuna anayezijali. Mpigaji alipiga, mpira ukaenda mbali, na mtangazaji akapandisha sauti: anapita ya kwanza, anazunguka ya pili. Elmina akamwona. Alimwona akikata kona, kofia ikimdondoka, uwanja mpana umefunguka pande zote mbili, na mikono yake ikaacha kukamua. Chelel aligeuza shingo kumtazama kuna nini.

"Anakuja nyumbani," Elmina alimwambia.

Saa nne asubuhi Mzee Weldon alikuwa kwenye foleni. Watu waliokuwa mbele yake walimpisha, wakapunguza sauti. Aliweka kikapu mezani bila salamu. Elmina alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi, akaimwaga na kuhesabu taratibu. Majani yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuleta mwezi huo. Alihesabu mara ya pili, akitamani yaongezeke.

"Sitini na nane, mzee."

Weldon aliyatazama yale majani. Akatazama nje, ng'ambo, kule kwenye vilima viwili.

"Imekosa mbili tu?"

"Mbili tu."

"Na hii mbili huwezi nisaidia nayo?"

Elmina aliyarudisha majani kikapuni. Chini ya meza, kati ya vijiti na majani magumu ya wiki iliyopita, kipande cha uwanja wa kijani kilikuwa bado kinaonekana. Weldon alikiona. Alikitazama muda kidogo, akakohoa.

"Huko Japani ningepita?"

"Japani wangekuweka benchi, mzee."

Mtu alicheka nyuma, na Weldon mwenyewe akatoa pumzi ya pua iliyokaribia kuwa kicheko. Akakikumbatia kikapu chake, akakipeleka hadi kwenye jiwe lililo kando ya kituo, akaketi. Kisha akakipindua chote juu ya gunia na kuanza kuchagua upya, akianzia yale ya chini.